MJUMBE HAUAWI? UHAKIKI WA NAMNA WAKALIMANI WA MIKUTANO WANAVYOCHAGULIWA

Miongoni mwa kazi zote zinazofanywa kwa lugha, ukalimani ndio unaodhaniwa kuwa rahisi kuliko zote, na ndio unaochunguzwa kidogo kuliko zote. Mshairi hupimwa kwa vina na mizani. Mwandishi wa riwaya huhakikiwa. Mfasiri huulizwa juu ya neno lake hata baada ya miaka hamsini. Mkalimani husema, maneno yake yakasikika, kisha yakapotea. Aghalabu aliyemsikiliza hakuielewa lugha ya awali, na aliyeielewa lugha ya awali hakuwa na haja ya kumsikiliza. Kwa sababu hiyo kosa lake laweza kupita ukumbini bila shahidi hata mmoja.

Labda hiyo ndiyo sababu waandaaji wa mikutano ya lugha nyingi wamezoea kumfikiria mkalimani mwisho, baada ya ukumbi kukodiwa, chakula kuagizwa na mabango kuchapwa. Makala haya yanayahakiki mazoea hayo. Hoja yake ni kwamba kumchagua mkalimani ni tendo la kiisimu kabla ya kuwa tendo la ununuzi. Na kwamba linapofanywa kama ununuzi mtupu, gharama humwangukia yule mjumbe au shahidi ambaye lugha yake ndiyo isiyokuwa na nguvu ukumbini.

Wahenga walisema kwamba mjumbe hauawi. Methali hiyo hutajwa mara nyingi kumtetea mkalimani: yeye ni mdomo tu, lawama zimrudie mwenye maneno. Lakini methali ina sharti ndani yake ambalo halitamkwi, nalo ni kwamba ujumbe uliofika uwe ndio ule ule uliotumwa. Sharti hilo likivunjika, swali la nani alimtuma mjumbe huyo, na alimpima kwa kipimo gani, haliwezi kuepukwa.

Imani ya lugha mbili

Imani iliyoenea ni kwamba ajuaye lugha mbili ni mkalimani. Imani hii ina historia ndefu katika Afrika ya Mashariki, na haifai kudharauliwa, kwa maana kazi kubwa zilitendeka kwayo. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akapelekwa Uhindi na baadaye akarudi, alikuwa mkalimani wa Burton na Speke katika safari zao za kutafuta maziwa makuu. Hakufundishwa ukalimani na mtu yeyote. Speke alizungumza naye kwa Kihindustani, na Bombay akayageuza maneno hayo kuwa Kiswahili.

Hata hivyo yafaa kutazamwa jinsi mazungumzo yalivyokwenda mwaka 1862, Speke alipofika katika baraza la Kabaka Mutesa wa Buganda. Speke alimwambia Bombay kwa Kihindustani. Bombay akamwambia Nasib kwa Kiswahili. Nasib akamwambia ofisa wa Kabaka kwa Luganda. Na ofisa huyo ndiye aliyemfikishia mfalme, kwa kuwa adabu ya baraza haikuruhusu mgeni kumsemesha Kabaka moja kwa moja. Mwingereza aliyeanza na fikra za Kiingereza alikuwa amekwisha kuzipitisha katika lugha tatu na vinywa vitatu kabla hazijafika. Kila kiungo katika mnyororo huo kilijua lugha mbili. Hakuna hata kimoja kilichokuwa na njia ya kujua kilichoharibika nyuma yake.

Mnyororo wa namna hiyo haukufa na karne ya 19. Katika kumbi za leo huitwa ukalimani wa kupokezana: mjumbe anasema kwa lugha moja, kibanda cha kwanza kinageuza kuwa Kifaransa, kibanda cha pili kinasikiliza Kifaransa hicho na kukigeuza kuwa Kiingereza. Vifaa vimebadilika, lakini tatizo ni lile lile la baraza la Mutesa. Mwandaaji anayeuliza tu kama wakalimani "wanajua" lugha zinazohitajika, bila ya kuuliza nani atamsikiliza nani, ameruka swali la kwanza.

Kipimo kilichopatikana Nuremberg

Kwamba kujua lugha hakutoshi kulidhihirika waziwazi katika mahakama ya Nuremberg, iliyoanza kusikiliza kesi ya viongozi wa Ujerumani ya Kinazi mwezi Novemba 1945. Kabla ya hapo mikutano mikubwa ilitegemea ukalimani wa mfuatano: msemaji husema, hunyamaza, na mkalimani akayarudia maneno kwa lugha nyingine kutoka katika kumbukumbu na maandishi yake. Kwa lugha nne, yaani Kiingereza, Kifaransa, Kirusi na Kijerumani, njia hiyo ingeirefusha kesi mara nne. Ndipo Léon Dostert alipopanga utumizi wa ukalimani sambamba, ambapo mkalimani husikiliza na kusema kwa wakati mmoja, kwa vyombo vilivyotolewa na kampuni ya IBM.

Mambo mawili ya Nuremberg yanahusu moja kwa moja suala la kuchagua. La kwanza ni namna watu walivyopimwa. Mtahiniwa aliweza kutakiwa kutaja vitu kumi vya aina moja, kama miti au sehemu za gari, kwa lugha zote mbili na bila kusita. Jaribio hilo lilifichua upungufu ambao cheti hakiwezi kuufichua, kwa kuwa msomi hodari wa fasihi aweza kukosa jina la chombo cha fundi. Waliofaulu walipewa tena jaribio la kazi yenyewe, na humo wengi wenye elimu kubwa ya lugha walishindwa: walilielewa kila neno, lakini hawakuweza kusikiliza sentensi ya pili wakati wakiimalizia ya kwanza.

La pili ni namna kazi ilivyogawanywa. Palikuwa na makundi matatu ya wakalimani kumi na wawili, na kundi moja halikukaa kazini zaidi ya dakika 85 kwa mfululizo. Taa ya manjano ilimwonya msemaji apunguze mwendo, na taa nyekundu ikamsimamisha. Maana yake ni kwamba mahakama nzima, pamoja na majaji wake, ilikubali kutii mipaka ya akili ya mkalimani. Tangu wakati huo imekuwa desturi ya kazi hii kwamba kibandani wakae watu wawili au zaidi, wakipokezana kila baada ya kama nusu saa. Mwandaaji anayemwajiri mtu mmoja kwa siku nzima ili aokoe ujira wa pili hajaokoa chochote. Amenunua asubuhi nzuri na alasiri isiyoaminika, na kwa kawaida alasiri ndiyo saa ya maazimio.

Funzo la Arusha

Mfano ulio karibu zaidi na wasomi wa lugha za Kiafrika ni ule wa Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoundwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa mwezi Novemba 1994 na kufunga kazi zake Arusha mwishoni mwa mwaka 2015. Lugha zake rasmi zilikuwa Kiingereza na Kifaransa. Lugha ya mashahidi wake wengi ilikuwa Kinyarwanda.

Katika hukumu ya kesi ya Jean-Paul Akayesu, iliyotolewa tarehe 2 Septemba 1998, majaji waliliandikia suala la ukalimani sehemu yake maalum. Walikiri kwamba ushahidi mwingi ulitolewa kwa Kinyarwanda, ukageuzwa kwanza kuwa Kifaransa, kisha kutoka Kifaransa kuwa Kiingereza, na kwamba njia hiyo ilikuwa na hatari dhahiri ya kutoelewana. Ilibidi mtaalamu wa isimu aitwe atoe ushahidi juu ya maana ya maneno. Neno "inyenzi", ambalo maana yake ya kawaida ni mende, lilikuwa na historia ya kisiasa ambayo kamusi haiielezi, na neno "ibyitso", yaani washiriki wa adui, lilibeba uzito uliotegemea nani alilisema, wapi na mwaka gani.

Zito zaidi lilikuwa suala la ubakaji. Mashahidi walitumia maneno kadhaa. Mojawapo ni "gufata ku ngufu", ambalo kwa neno moja moja ni kuchukua au kushika kwa nguvu, na msomaji wa Kiswahili ataitambua mara moja "nguvu" iliyomo ndani yake. Jingine ni "kuryamana", ambalo lagusa kulala pamoja. Si yote yaliyolitaja tendo hilo kwa ukali wa istilahi ya sheria. Wakalimani waliyageuza maneno hayo kuwa neno moja la ubakaji, na mahakama ikalazimika kuwauliza na kuuchunguza muktadha wa kila ushahidi kabla ya kuridhika kwamba uamuzi wao ulikuwa sahihi. Jambo hilo halikuwa dogo. Hukumu hiyo ndiyo ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kutambua kwamba ubakaji waweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Msingi wa fundisho hilo la sheria ulipita katika masikio na midomo ya wakalimani.

Na afikiriwe mkalimani mwenye lugha mbili lakini asiyejua stara ya wazungumzaji. Angeweza kuligeuza neno la stara kineno, na mwanamke aliyesimama kizimbani kusema alichotendewa angesikika akisema kwamba alishikwa tu. Angeweza pia, kwa bidii ya kusaidia, kutia ukali ambao shahidi hakuutia, na wakili wa upande wa pili angeushambulia ushahidi mzima kwa sababu ya neno ambalo shahidi hakulitamka. Pande zote mbili kuna dhuluma. Kuchagua mkalimani hapa kulikuwa kuchagua kama mtu huyo atasikika au hatasikika.

Matatizo yaliyo ya Kiswahili chenyewe

Vitabu vingi vinavyotumiwa kufundishia ukalimani vimeandikwa juu ya lugha za Ulaya, na mwandaaji wa mkutano hudhani kwamba kibanda cha Kiswahili ni kibanda kama vingine. Kwa hakika Kiswahili kina mitego yake, na kipimo cha mkalimani wa Kiswahili yapasa kiitafute.

Mtego wa kwanza ni upatanisho wa kisarufi. Msemaji wa Kiingereza hutanguliza sifa kabla ya jina: aweza kutaja sifa tatu mfululizo kabla hajalitaja jambo lenyewe. Mkalimani anayekwenda kwenye Kiswahili hawezi kusema "mpya", "jipya", "kipya" wala "mapya" mpaka ajue ngeli ya jina ambalo bado halijasemwa. Hana budi kuzishika sifa zote tatu akilini huku msemaji akiendelea. Aliyezoea hufanya hivyo. Asiyezoea hukisia ngeli, kisha hujirekebisha, na kila rekebisho humla sentensi inayofuata.

Mtego wa pili ni nambari na saa. "Elfu na mia moja" ni 1,100. "Elfu mia moja" ni 100,000. Kinachozitenganisha ni silabi moja isiyokuwa na mkazo. Katika mkutano wa bajeti silabi hiyo yaweza kuwa mradi mzima. Vivyo hivyo, anayesema "saa mbili usiku" anataja saa ambayo Mwingereza huiita ya nane. Mkalimani aliyechoka akiigeuza kineno humhamisha shahidi kwa saa sita kutoka mahali alipokuwa.

Mtego wa tatu ni jinsia na udugu. "Alimwambia kwamba atamlipa" ni sentensi kamili ya Kiswahili isiyoonyesha kama wanaohusika ni wanaume au wanawake. Kiingereza kinadai uamuzi papo hapo, na Kifaransa hali kadhalika katika sehemu nyingi za sentensi. "Baba" aweza kuwa mzazi au ndugu wa mzazi. Mkalimani mzuri hujua ni wapi pa kuahirisha uamuzi na ni wapi pa kumwomba msemaji afafanue. Ujasiri wa kuuliza ni sehemu ya ujuzi, na haupimwi kwa mtihani wa maandishi.

Mtego wa nne, ambao husahauliwa zaidi, ni kwamba Kiswahili si kimoja. Mjumbe kutoka Lubumbashi au Bunia aliyeandikwa katika orodha kuwa ni msemaji wa Kiswahili aweza kukaa mbele ya kibanda cha Kiswahili sanifu akapata nusu tu ya mambo. Naye akisema, mkalimani aliyelelewa Unguja au Mombasa aweza kutatizika. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai iliyoko The Hague, iliposikiliza kesi zilizotoka Ituri, ilibidi ikishughulikie Kiswahili cha Kongo kama lugha yenye mahitaji yake ya ukalimani. Mashahidi hawakuambiwa wajifunze usanifu kwanza. Chombo cha kisheria kilikwenda kuwafuata walipo. Mikutano ya Afrika ya Mashariki, ambayo sasa inawakaribisha Wakongo tangu nchi yao ijiunge na Jumuiya mwaka 2022, ina deni hilo hilo.

Viti, mahema na wakalimani

Katika taratibu nyingi za zabuni ukalimani huorodheshwa pamoja na viti, mahema na vipaza sauti, na hutolewa kwa mwenye bei ya chini. Utetezi wa desturi hiyo ni kwamba sheria inadai hivyo. Utetezi huo hautoshi. Sheria ya Kenya ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015 inaijua njia ya bei ya chini, lakini inaijua pia njia ambayo alama za ubora na alama za bei hujumlishwa pamoja. Tofauti ni ya namna jambo linavyoainishwa. Likiainishwa kuwa bidhaa, bei itatawala. Likiainishwa kuwa kazi ya kitaalamu, ubora utapewa nafasi. Anayeainisha ni binadamu, na mara nyingi hajapata kumsikia msomi wa lugha akimshauri.

Kasoro nyingine ni kununua jina la kampuni badala ya majina ya watu. Kampuni haikai kibandani. Mkataba wenye maana huwataja wakalimani wenyewe, lugha zao na mwelekeo wao. Chama cha kimataifa cha wakalimani wa mikutano, kilichoundwa mwaka 1953, huzigawa lugha za mwanachama katika madaraja matatu: ile ya kwanza, ambayo ni yake, ile ambayo aweza kusema kwayo ingawa si ya kwanza, na ile anayoielewa tu bila kuifanyia kazi ya kusema. Mgawanyo huo ni chombo rahisi sana cha kuchagulia. Anayesema kwamba ana lugha sita zote za daraja la kwanza amekwisha kujieleza.

Pia kuna vifaa. Kiwango cha kimataifa cha mwaka 2016 kinachohusu mitambo ya ukalimani sambamba kinataka sauti impatayo mkalimani ienee kutoka herzi 125 hadi 15,000. Simu ya kawaida haifiki hata 4,000. Jambo hilo laonekana kuwa la mafundi, lakini ni la fonetiki: konsonanti kama "f", "s" na "sh" hutegemea sauti za juu, na zikikatwa, "futa" na "suta", "fika" na "shika" hukaribiana. Mikutano ilipohamia mitandaoni mwaka 2020, wakalimani wengi walijikuta wakikisia konsonanti siku nzima. Mtu aliyechaguliwa vizuri akapewa sauti mbovu ni sawa na msomaji aliyepewa kitabu kilicholowa maji.

Mwisho wa yote ni nyaraka. Hotuba zilizoandikwa, ajenda na istilahi zikimfikia mkalimani siku kadhaa kabla, ataunda faharasa yake. Zikimfikia mlangoni, ataunda istilahi hewani, na wakalimani wawili wa kibanda kimoja wataweza kuliita jambo moja kwa majina mawili katika saa moja.

Pingamizi mbili

Yaweza kupingwa kwamba haya yote ni anasa, kwa kuwa wajumbe wa mikutano ya Afrika wanajua Kiingereza au Kifaransa. Pingamizi hili linawahesabu waliokuja na kuwasahau walioachwa. Mkutano wa wavuvi, wakulima au wanawake wa vijijini unaoendeshwa kwa Kiingereza huchagua wajumbe wake kabla haujaanza. Na hata miongoni mwa wakuu, jambo si la anasa. Mwezi Julai 2004, Joaquim Chissano wa Msumbiji alipouhutubia mkutano wa Umoja wa Afrika mjini Addis Ababa kwa Kiswahili, wengi walishikwa na mshangao, ingawa itifaki iliyopitishwa Maputo mwaka mmoja kabla yake ilikuwa imekwisha kukitaja Kiswahili miongoni mwa lugha za Umoja huo. Azimio lilikuwapo, ukumbi ulikuwa haujazoea. Mwezi Februari 2022 Umoja huo ulikipokea Kiswahili kuwa lugha ya kazi. Lugha ya kazi isiyokuwa na wakalimani waliopimwa ni lugha ya sherehe.

Pingamizi la pili ni kinyume cha la kwanza: kwamba dawa ni vyeti, na kwamba asiye na shahada asiruhusiwe kibandani. Hili nalo lina upungufu. Nuremberg ilionyesha kwamba shahada haihakikishi kazi, na Bombay alionyesha kwamba kukosa shahada hakuzuii kipaji. Cheti kinafaa kuwa mlango wa kuingilia katika majaribio, kisha mtu asikilizwe akifanya kazi. Tena wasikilize watu wawili: mmoja anayezijua lugha zote mbili, na mwingine anayeijua lugha ya upande wa pili tu, kwa maana huyu wa pili ndiye msikilizaji wa kweli. Wa kwanza atahukumu uaminifu, wa pili atahukumu kama maneno yaliyotoka yanaeleweka bila kuzijua siri za asili yake.

Sehemu ya idara za lugha

Lawama haziwezi kubaki kwa waandaaji peke yao. Nairobi imekuwa makao ya shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira tangu miaka ya 1970, na jumba lake la mikutano ya kimataifa lilifunguliwa mwaka 1973. Wakalimani wa lugha za Ulaya wamefanya kazi mjini humo kwa muda wa nusu karne, umbali mfupi kutoka kwenye madarasa ya Kiswahili. Hata hivyo katika idara nyingi ukalimani umebaki kuwa sura moja mwishoni mwa kozi ya tafsiri, sura inayosomwa na kuandikiwa mtihani kwa kalamu. Mwanafunzi aweza kuzieleza aina zote za ukalimani bila ya kupata kukaa kibandani hata dakika kumi. Mwandaaji anapouliza apate wapi wakalimani wa Kiswahili waliopimwa, jibu lingepaswa kutoka katika idara hizo: orodha ya waliosikilizwa, mitego ya lugha iliyochunguzwa, kanda za majaribio zilizohifadhiwa, na faharasa za istilahi zinazopitiwa kila mwaka.

Mpaka hayo yafanyike, kila mwandaaji ataendelea kujitungia kipimo chake, na kipimo kilicho karibu naye zaidi ni bei. Mjumbe hataadhibiwa, kama methali inavyoagiza. Lakini yule aliyemtuma kwa haraka, na yule aliyekuwa na elimu ya kumpima akanyamaza, hawamo katika ulinzi wa methali hiyo.